Mwezi Ambao Mikono Yangu Ilitulia

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, kwetu wote wanajua. Kwa hiyo mtu akiniuliza ni kitu gani kilinitesa zaidi baada ya kuwekewa figo ya mdogo wangu, simtajii kidonda wala maumivu. Namtajia sindano. Mimi ni fundi cherehani. Miaka yote nilikuwa natunga uzi huku naongea na simu, huku jicho moja liko kwenye sufuria jikoni, sina habari. Halafu nikaanza vidonge, mikono ikaanza kutetemeka, na lile tundu la sindano likawa linanikimbia. Nalamba uzi, nalenga, nakosa. Nalamba tena, nakosa. Mwisho naitupa sindano chini na uzi wake, natukana kwa Kisambaa, lugha ambayo ghorofa nzima ile ya North York, huku Toronto, hakuna wa kuielewa. Kisha napiga magoti kwenye zulia nusu saa nzima kuitafuta hiyo sindano, maana nitaikanyaga mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kwenye duka la dobi karibu na stesheni ya treni ya chini ya ardhi. Mbele wanapokea nguo za kufua, nyuma nimekaa mimi na mashine yangu. Kiangazi napunguza suruali na magauni ya harusi, kipupwe chote nabadilisha zipu za majaketi. Mashine ilikuwa na kidude chake cha kutungia uzi, haikunisumbua. Shida ilikuwa pindo za kushona kwa mkono, zile ambazo mshono hautakiwi kuonekana upande wa nje. Hizo huwezi kuipa mashine.

Mdogo wangu ndiye aliyeniokoa, kwa mara ya pili. Yeye anakaa Mississauga, mji wa jirani, na mumewe na watoto, anafanya kazi kwenye ofisi ya shule. Kila Jumamosi alikuwa anaendesha gari kuja kwangu, anakaa mezani, anatunga sindano arobaini: nyeusi kumi na tano, bluu kumi, nyeupe kumi, zilizobaki kahawia. Anazichomeka kwenye sponji ya kuoshea vyombo, mpya, aliyoinunua kwa kazi hiyo tu. Tuliziita sindano za wiki. Jumatatu naibeba ile sponji kazini ndani ya kopo la biskuti, na mwenye duka, mzee mmoja mpole sana, alikuwa anaiangalia anatikisa kichwa na kucheka.

Nirudi nyuma kidogo. Figo zangu ziliharibiwa na presha ambayo sikuijua kuwa ninayo. Vipupwe viwili nilikuwa nakwenda hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine. Ile mashine si mchezo, lakini kilichonimaliza ni kiu. Figo zikifa, maji unayokunywa hayana pa kutokea, yanakujaa mwilini, yanakwenda mpaka kwenye mapafu. Kwa hiyo maji napimiwa. Mdogo wangu alikuwa akinikuta nimekaa na kibakuli cha vipande vya barafu, nanyonya kimoja kimoja, nakificha ulimini kiyeyuke polepole. Hakuwahi kusema kitu. Siku moja akaja na bahasha ya vipimo, akaiweka juu ya meza, akasema, "Dada, mimi ninazo mbili."

Tulipasuliwa asubuhi moja, vyumba viwili vinavyopakana. Nilipozinduka, kitu cha kwanza nilichokisikia ni wauguzi wawili wanashangilia. Nikadhani nimeota. Kumbe wanashangilia mfuko wa mkojo. Figo ya mdogo wangu haikungoja hata kuzoea, ilianza kazi pale pale mezani. Sijawahi kuona watu wazima wakifurahia mkojo namna ile, na mimi niliyekuwa nimelala na mirija mdomoni nilitaka kuinuka niwakumbatie. Waliiweka mbele, chini ya tumbo, upande wa kulia. Naweza kuigusa kwa mkono. Nikaipa jina la mgeni.

Sasa, mgeni huyo ana masharti yake. Mfamasia wa hospitali alinikalisha siku tatu mfululizo kunieleza, dada mmoja mrefu mwenye subira ya ajabu. Alisema mwili una walinzi wake ndani ya damu, na walinzi hao hawajui undugu. Hawajui kwamba hii figo imetoka tumbo moja na wewe, kwamba imeletwa kwa mapenzi. Wao wanaona kitu ambacho si chao, basi wanakishambulia mpaka kife. Dawa hizi kazi yake ni kuwafanya walinzi wasinzie. Wasilale fofofo, maana vijidudu vya kweli vikija nani atavizuia? Wasinzie tu, vya kutosha wasimuone mgeni. Na usingizi wenyewe unaisha. Kila baada ya saa kumi na mbili dawa inakuwa imepungua kwenye damu, inabidi uongeze nyingine kabla hawajafumbua macho.

"Mpaka lini?" nikamuuliza.

"Maadamu figo ipo," akasema.

Dawa zilikuwa aina tatu. Moja prednisoloni, ambayo wengi kwetu wanaijua. Hiyo ilinipa njaa ya kuamka usiku na kula wali wa jana umesimama mbele ya friji, na uso wangu ukaumuka kama andazi. Mama alipoiona picha yangu kule Tanga alishukuru Mungu, akawaambia majirani nimenawiri. Ya pili ilivuruga tumbo, wiki za mwanzo nilijua vyoo vyote vya umma njiani toka nyumbani mpaka kazini. Ya tatu ndiyo yenyewe, ndiyo kubwa, vidonge vitatu saa tatu asubuhi na vitatu saa tatu usiku, wala si tatu na robo. Hiyo ndiyo ya kutetemesha mikono. Mfamasia alisema pia ikizidi kwenye damu inaweza kuiumiza figo ile ile inayoilinda, na ikipungua walinzi wanaamka, ndiyo maana nitakuwa napimwa damu mara kwa mara. Na damu itolewe asubuhi kabla sijameza vya saa tatu, ili waone kiasi kilichobaki baada ya saa kumi na mbili. Nikakariri yote. Kofia pana juani, kwa sababu ngozi nayo inabaki bila ulinzi wa kutosha. Mtu mwenye mafua nisimkaribie. Siku ya Idi watu wanapeana mikono na kukumbatiana, mimi nimesimama pembeni nawapungia kama mgeni rasmi.

Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Miaka miwili sikukosa kidonge hata kimoja.

Kasoro Ramadhani. Sio kwamba nilikosa vidonge, nilikosa Ramadhani. Mbili za mwanzo nilikula mchana. Dini imeruhusu, mgonjwa hana lawama, analisha maskini kwa kila siku aliyokula, na mimi nililisha. Lakini kukubali kwa kichwa ni kitu kimoja. Jumamosi mdogo wangu anakuja, midomo imemkauka, amefunga. Amebaki na figo moja na anafunga. Mimi ninayo ya kwake, nimekaa mbele yake natafuna mkate. Wallahi ule mkate ulikuwa haushuki. Nikawa Jumamosi za mwezi mtukufu nakula chumbani, nimefunga mlango.

Ramadhani ya tatu ikaangukia mwezi wa saba. Nikasema liwalo na liwe, mwaka huu nafunga. Muuguzi wa kliniki, yule aliyekuwa anafuatilia faili langu, alikuwa amenionya mapema: usifunge kabla ya kuzungumza na sisi. Sikuzungumza nao, kwa sababu jibu nililijua. Nikampigia Mama badala yake. Hivyo ndivyo tulivyo, ukitaka ruhusa unamuuliza yule atakayekupa.

"Vidonge mbona si tatizo," Mama akasema. "Mimi vyangu vya presha vya asubuhi nameza kwa daku, vya jioni nameza kwa futari. Miaka yote hiyo, nimepata nini?"

Nikaona ni kweli. Vidonge vya saa tatu usiku sikuhitaji hata kuvigusa, kwa sababu Toronto mwezi wa saba jua linazama saa tatu usiku hiyo hiyo, ndiyo futari yenyewe. Nilichohitaji ni kuvisogeza vile vya asubuhi tu, nivimeze kwa daku. Nikajiona nina akili sana.

Kwetu hesabu ya Mama haina kosa. Tanga unakula daku saa kumi na kitu, unafuturu saa kumi na mbili na kitu, mwaka mzima, usiku na mchana wamegawana sawa. Toronto wakati wa kiangazi daku ni saa tisa na nusu ya usiku. Toka futari mpaka daku ni saa sita na nusu. Toka daku mpaka futari ni saa kumi na saba na nusu. Mtoto wa darasa la pili angeiona hesabu hiyo. Mimi ninayepima viuno vya watu kwa robo inchi sikuiona, kwa sababu kichwani mwangu neno daku na neno futari bado yalikuwa yamekaa mahali pale pale Mama alipoyaweka.

Nikafunga. Siku za mwanzo kiu ilinikumbusha kile kibakuli cha barafu, lakini nilikuwa na furaha, nisiseme uongo. Nikifuturu na wenzangu msikitini najiona mtu kamili. Wiki ya pili, alasiri moja, niko kazini na suruali ya kitambaa kizito, nikachukua sindano isiyo na uzi kwa makosa. Nikalamba uzi. Nikalenga. Ukapita.

Nikautoa, nikatunga tena. Ukapita tena.

Loo! Nilisimama. Nikanyoosha mikono yote miwili mbele yangu juu ya meza, nikaiangalia. Imetulia kabisa. Mwenye duka akatoka mbele kuja kuona kwa nini napiga makofi peke yangu. Nilimtungia sindano mbele ya macho yake, naye akapiga makofi pia.

Siku hiyo nilimpigia kila mtu. Mama alilia, akasema hiyo ndiyo baraka ya swaumu. Nikamwambia mdogo wangu, "Jumamosi usije kunitungia sindano. Natunga mwenyewe."

"Acha utani!"

"Wallahi, mikono imetulia. Toka mchana mpaka jioni haina hata dalili."

"Alhamdulillahi, dada," akasema, na nikamsikia anavuta pumzi. Hakujua kama nimefunga. Sikumwambia, nilitaka kumshangaza siku ya Idi.

Wiki ya tatu ikafika zamu ya kupimwa damu. Nikaenda saa mbili asubuhi kama kawaida. Aliyenitoa damu akaniuliza kama kawaida, mara ya mwisho umemeza saa ngapi? Ukweli ni saa tisa na nusu usiku, saa nne na nusu tu zilizopita. Mdomo ukasema, "Saa tatu usiku." Uongo ulitoka wenyewe, laini kabisa, na yeye akaandika. Njiani kwenda kazini nilijiambia kwamba vya saa tatu usiku nilivimeza kweli, kwa hiyo si uongo mzima.

Saa tisa alasiri simu ikalia. Yule muuguzi wa faili langu. Akasema kreatini imepanda. Hiyo ni takataka ya damu ambayo figo inatakiwa kuitoa, ikipanda maana yake figo haifanyi kazi yake vizuri. Lakini akaendelea, akasema wanadhani wamejua sababu. Dawa kubwa imeonekana ni nyingi mno kwenye damu, nyingi kuliko inavyotakiwa baada ya saa kumi na mbili, na huenda ndiyo inayoisumbua figo. Kwa hiyo daktari ameamua kuipunguza. Kuanzia usiku wa leo nimeze viwili badala ya vitatu, na asubuhi viwili, kisha nirudi wiki ijayo wapime tena.

Nilishukuru, nikakata simu, na mjue nilifurahi. Dawa inapunguzwa! Nani asiyefurahi kupunguziwa dawa? Nikampigia mdogo wangu pale pale, sindano yangu niliyoitunga mwenyewe imechomekwa kifuani kwenye blauzi.

"Wamesema dawa ni nyingi mno kwenye damu, wananipunguzia kimoja kimoja," nikamwambia.

Mdogo wangu si mtu wa maneno mengi, lakini akinyamaza ujue anapiga hesabu.

"Dada," akasema. "Dawa ikizidi, si ndiyo mikono inatetemeka zaidi?"

"Ndiyo."

"Sasa wewe mikono yako imetulia wiki nzima. Itazidije halafu mikono itulie?"

Nilikuwa naangalia mkono wangu wa kushoto, ulioshika pindo la suruali ya mtu, umetulia tuli. Nilielewa kila kitu kwa mpigo mmoja. Mikono haikuponywa na swaumu. Mikono ilitulia alasiri kwa sababu alasiri dawa ilikuwa inaishia mwilini, na bado saa sita mbele yangu kabla ya futari. Kila siku, wiki tatu, kuanzia alasiri mpaka futari walinzi walikuwa wanaamka, wanaangaza macho, wanamuona mgeni. Na mimi nimewadanganya watu wa hospitali, na wao kwa uongo wangu wanataka kunipunguzia hata kile kidogo kilichobaki.

"Nimefunga," nikasema.

"Umefanya nini?"

Nikamwambia yote. Daku, futari, Mama, saa tisa na nusu, saa tatu usiku niliyoiandikisha. Nilisema haraka haraka kama mtoto aliyevunja chombo. Nilipomaliza nikangoja anitukane. Hakunitukana.

"Usipunguze kitu," akasema. "Wapigie sasa hivi. Kama ulivyoniambia mimi. Mimi nakuja." Akakata.

Kuwapigia ndiyo kazi niliyoiona ngumu kuliko upasuaji. Muuguzi alipokea, nikasema nilikudanganyeni asubuhi, nikaeleza. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa, na mimi nikifokewa huwa nafoka zaidi. Yeye akauliza tu, taratibu: usiku saa ngapi? Asubuhi saa ngapi? Siku ngapi? Nikamsikia anaandika. Kisha akasema, "Asante kwa kuniambia. Fungua sasa hivi, kunywa maji, meza vidonge vyako vitatu, halafu njoo. Njoo leo."

Nilikunywa maji mbele ya sinki la dobi, gilasi mbili, huku nalia.

Kwenye gari mdogo wangu hakuongea. Toka dukani mpaka katikati ya mji, foleni ya jioni, jua kali usoni, hakuongea neno. Ningependa angefoka. Nilikuwa nimeweka mkono chini ya tumbo kulia, juu ya mgeni, na kichwani mwangu ni jambo moja tu: ile figo haikuwa ya kuchezea, haikuwa yangu hata, ilikuwa ya huyu mtu anayeendesha gari, ambaye hana nyingine ya kunipa. Nikiipoteza, narudi kwenye mashine, na yeye amebaki na kovu la bure. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile, hata siku ya kupasuliwa.

Wakanilaza. Kesho yake asubuhi wakaingiza sindano ndefu wakachukua kinofu kidogo cha figo kwenda kukitazama kwa darubini. Majibu yakachukua siku nzima. Mdogo wangu aliomba ruhusa kazini, akakaa kwenye kiti pembeni ya kitanda. Amefunga, mimi nina chupa ya maji mezani na nimeshindwa kuigusa mbele yake.

Mchana ndipo akafungua mdomo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nani?"

"Yako wewe." Nikaona bora niseme tu. "Wewe umebaki na moja na unafunga. Mimi ninayo yako, nimekaa nakula mbele yako."

"Mimi nilimuuliza daktari wangu kabla sijafunga," akasema. "Akanipima, akaniambia funga. Wewe ulimuuliza nani? Mama!"

"Sasa ningemuuliza nani..."

"Dada, nyamaza kwanza." Sauti yake ilikuwa imepanda, na yeye hapandishi sauti. Bibi wa kitanda cha pili akageuka. "Unajua kwa nini nilikupa figo? Unajua? Ulikuwa unanyonya barafu. Nikija kwako nakukuta na kile kibakuli chako, mtu mzima, umekaa unanyonya barafu kama mtoto. Narudi nyumbani, nafungua bomba jikoni, nalia. Mimi nilikupa ile figo unywe maji. Basi. Unywe maji, mchana, usiku, ukitaka. Halafu wewe unakaa na kiu makusudi, unaniambia ni kwa ajili yangu!"

Alikuwa analia. Na mimi nikalia. Nikachukua ile chupa nikanywa nusu yake, nikapaliwa, nikakohoa mpaka kidonda cha sindano kikauma. Naye akaanza kucheka katikati ya machozi, kwa sababu hata kunywa maji nimeshindwa kunywa kistaarabu.

Daktari alikuja jioni. Akavuta kiti, na mimi daktari akivuta kiti huwa nakata tamaa. Lakini alisema habari ni nzuri kuliko alivyohofia. Walinzi walikuwa wameshaanza kuingia kwenye figo, lakini ndio kwanza wanaingia, hawajaharibu kitu cha kudumu. Na sehemu ya kreatini ile ilikuwa ni kukauka maji tu. Watanitundikia dripu ya dawa kali ya jamii ya prednisoloni siku tatu kuwarudisha usingizini, na vidonge vyangu vinabaki vitatu vitatu, saa tatu na saa tatu. Mdogo wangu akamuuliza, je, kama usiku ule angepunguza kama alivyoambiwa? Daktari akasema hapendi kubahatisha. Kisha akasema, "Ni vizuri mlipiga simu."

Siku tatu za dripu sikulala hata lepe, ile dawa haikuachi ulale. Nilikuwa macho, natoka jasho, nina njaa ya kula shuka. Lakini siku ya nne kreatini ikashuka. Ya tano ikashuka tena. Muuguzi wa faili langu alikuja mwenyewe kitandani kunionyesha karatasi, akaweka kidole kwenye namba, na mimi nikambusu mkono kabla hajauondoa. Nilisikia mwili mzima unalegea kwa shukrani, kama mtu aliyeshushiwa gunia kichwani. Nikampigia Mama. Nikamwambia mambo yote yako salama, na kwamba jua la huku halina adabu kama la kwetu. Akaniuliza jua limeingiaje hapo. Nilimweleza mara mbili, akakubali kwa shingo upande.

Wiki mbili baadaye mikono ilianza kutetemeka tena kama zamani, asubuhi na alasiri. Jumamosi ile mdogo wangu alirudi na sponji.

Ramadhani iliyofuata alikuja vilevile, kila Jumamosi, amefunga. Jumamosi ya kwanza, saa saba mchana, mimi nikainuka kwenda chumbani kama nilivyozoea, na mkate wangu kwenye sahani. Akaniita. Alikuwa ameshatunga nyeusi zote. Akaenda kwenye bomba, akaacha maji yatiririke mpaka yakapoa, akajaza gilasi kubwa kuliko zote kabatini, akaja kuiweka mbele yangu. Midomo yake imekauka, nyeupe pembeni. Akakaa.

"Kunywa nikuone," akasema.

Nikaishika kwa mikono miwili. Ilitetemeka, maji yakaruka juu ya meza, yakamlowesha mkono, yakaingia kwenye sponji ya sindano. Nilitaka kukasirika, ndiyo tabia yangu. Yeye alikuwa haangalii maji. Alikuwa anaangalia mikono yangu.

"Inatetemeka," akasema.

"Inatetemeka."

"Alhamdulillahi," akasema, akafuta mkono kwenye gauni, akachukua uzi wa bluu. Mimi nikanywa mpaka mwisho.